Nani Alipiga Bolti za Tonsai?

Bolti ya kupandia mwamba si kitu cha kuangalia mara mbili. Ni chuma chenye urefu wa kidole, kimezamishwa ndani ya jiwe mpaka kikabaki kichwa tu, na kwenye kichwa kuna tundu. Mpandaji akifika hapo anachomeka karabina, yaani ile pete ya chuma inayofunguka upande mmoja, anapitisha kamba, anapumua, anaendelea. Akiteleza, mwenzake aliye chini anaikaza kamba, na uzito wote wa mtu pamoja na kishindo cha kuanguka unaenda kwa kile kichuma. Kikishika, mnacheka. Kisiposhika, basi.

Kwenye rasi ya Railay, mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand, kuna njia zaidi ya 700 zilizopigwa bolti za namna hiyo. Njia moja inaweza kuwa na sita, nyingine kumi, zile ndefu zaidi ya hapo. Kwa hivyo tunazungumzia maelfu ya mashimo yaliyotobolewa kwa drili na watu waliokuwa wananing'inia kwenye kamba, jua la utosi, vumbi la chokaa machoni. Wewe kwenye simu unachoona ni kingine: mchanga mweupe, maji ya kijani, mwamba wa rangi ya chungwa umesimama wima kutoka baharini, na kijana mmoja bila shati juu kabisa, mikono imefumbata jiwe. Chini yake maandishi: paradiso iliyofichika.

Hiyo "iliyofichika" ndiyo inanikera. Ilifichwa na nani? Mimi swali langu ni la mtu wa mtaa: hizi bolti zilipigwa na nani, zililipiwa na nani, na hao watu wako wapi leo?

Kwanza mahali penyewe. Railay si kisiwa, ingawa kila mtu huondoka akidhani ametoka kisiwani. Ni bara kabisa, ila nyuma yake kuna kuta za mawe ya chokaa ambazo hazijawahi kuruhusu barabara. Unafika kwa boti tu, kutoka Ao Nang au kutoka mji wa Krabi. Kuna fuo nne: Railay Magharibi yenye machweo na hoteli nzuri, Railay Mashariki yenye mikoko na matope, Phra Nang yenye pango, na Tonsai, ambayo maji yakitoka inabaki mawe na mchanga mchafuchafu. Tonsai ndiko wanakolala wasio na pesa. Bila shaka ndiko tulikolala.

Mwamba wenyewe ni wa zamani kupita akili. Ulianza kama sakafu ya bahari, magamba na mifupa ya viumbe vilivyokufa vikijirundika, miaka zaidi ya milioni 250 iliyopita. Ardhi ikainuka, mvua ikaanza kuutafuna. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na chokaa haipendi asidi. Inayeyuka polepole, inashuka, inaganda tena chini kama nta ya mshumaa. Ndiyo maana kuta za Railay zimejaa mawe marefu yanayoning'inia kama mikonga ya ndovu, mengine unaweza kuyakumbatia kwa miguu na kupumzika ukiwa hewani. Mpandaji akiona kitu kama hicho anaingiwa na wazimu. Mkulima akikiona anasonya. Hakuna shamba hapo. Kwa karne nyingi, ardhi ya maana Krabi ilikuwa ile iliyolala, ya mpunga, minazi, baadaye mipira na michikichi. Hii iliyosimama haikuwa na bei.

Lakini haikuwa tupu. Ndani ya mkoa huohuo wa Krabi kuna pango linaloitwa Lang Rongrien, ambako mwanaakiolojia Mmarekani Douglas Anderson alichimba kuanzia miaka ya 1980 akakuta zana za mawe na majivu ya watu waliokaa hapo zaidi ya miaka 35,000 iliyopita. Kusini kidogo kuna Khlong Thom, bandari ya zamani iliyokuwa ikifanya biashara na Bara Hindi katika karne za kwanza baada ya Kristo. Huko kuna mahali panaitwa Khuan Luk Pat, kilima cha shanga, kwa sababu ardhi ilijaa shanga ndogo za kioo. Aina hiyo ya shanga, ambayo wataalamu wanaiita ya Indo-Pasifiki, ilizunguka bahari yote hii kwa pepo zilezile tunazoziita kaskazi na kusi. Zimefukuliwa hadi Unguja Ukuu, Zanzibar. Mtu wa pwani yetu alivaa shingoni jamaa ya kitu kilichokuwa sokoni Krabi, miaka elfu na zaidi kabla ya yeyote kufikiria kubeba begi mgongoni na kujiita msafiri.

Na kuhusu kupanda mwamba, hapa vitabu vya watalii vinaniudhi kabisa. Utasoma kwamba upandaji ulianza Krabi mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukweli ni kwamba upandaji wa kujifurahisha ndio ulianza wakati huo. Kwenye kisiwa cha Phi Phi Leh, upande wa pili wa maji, kuna pango linaloitwa Viking kwa sababu ya michoro ya majahazi kwenye ukuta wake. Juu kwenye dari la pango hilo kuna viota vya ndege wadogo ambao hujenga kwa mate yao. Mate hayo yakikauka ni chakula cha bei kali mno nchini China, hupikwa supu. Kwa vizazi na vizazi kuna wanaume ambao kazi yao ni kupanda ngazi za mianzi zilizofungwa kwa kamba, juu kabisa gizani, kuvikwangua viota. Hawana bolti wala kamba ya usalama. Serikali huuza haki ya kuvuna kwa kampuni, na mpandaji hubaki na ujira wake. Sijawahi kuona jina la hata mmoja wao kwenye kitabu cha wapandaji.

Sisi Wakenya tunaujua huu mchezo. Kila mwanafunzi anaambiwa kilele cha Batian kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1899 na Halford Mackinder pamoja na waongozaji wake wawili wa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Wale wapagazi waliobeba mizigo hadi mlimani, Waswahili na Wakikuyu, wanaitwa "wapagazi". Wingi, bila jina.

Sasa hao wa mabegi walifikaje Krabi? Hii ni hadithi ya barabara iliyofungwa. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisafiri kwa basi na lifti kutoka Istanbul, wakipita Iran na Afghanistan, hadi India na Nepal. Wenye nywele ndefu wengine walikatiza huku kwetu. Lamu ya miaka ya 1970 walikuwa wamelala kwenye madari ya nyumba za mji mkongwe, wakiiita Kathmandu ya Afrika. Waulize wazee wa Lamu, hawajasahau. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler walichapa kijitabu cha kuvuka Asia kwa pesa kidogo, na huo ukawa mwanzo wa Lonely Planet. Miaka miwili baadaye wakatoa cha Asia ya Kusini-Mashariki. Halafu mwaka 1979 mapinduzi yakaja Iran, na Desemba ya mwaka huohuo jeshi la Umoja wa Kisovieti likaingia Afghanistan. Barabara ikafungwa. Watu wa mabegi hawakurudi nyumbani, waligeukia mashariki, kwa ndege za bei rahisi hadi Bangkok.

Thailand ilikuwa imeshazoea wageni wa aina nyingine. Wakati wa vita vya Vietnam, wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiletwa huko kupumzika, na miji kama Pattaya ilijengwa juu ya pesa yao. Vita vilipoisha, vitanda vilibaki. Serikali iliona biashara ikaitangaza 1987 kuwa mwaka wa kuitembelea Thailand. Watalii wa mahoteli walienda Phuket, wa mabegi wakasogea mbele kidogo, kule ambako hakuna barabara. Mwaka 1996 Alex Garland alitoa riwaya ya The Beach kuhusu vijana wa mabegi wanaotafuta fuo ya siri, na mwaka 2000 ikawa filamu ya Leonardo DiCaprio, iliyopigwa Maya Bay, kwenye kisiwa hichohicho cha wavuna viota. Watengeneza filamu walipofika waliona fuo haifanani vya kutosha na fuo. Wakasawazisha mchanga, wakapanda minazi. Watu wa Krabi waliandamana, wakaenda mahakamani. Filamu ikaleta umati, umati ukaua matumbawe, na mwaka 2018 serikali ikaifunga Maya Bay kabisa. Ilifunguliwa tena Januari 2022, kwa masharti. Hiyo ndiyo paradiso iliyofichika: imepandwa minazi ya kamera.

Wapandaji walikuja kimyakimya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wafaransa walifika Phi Phi na Railay na drili zao. Kwao Ufaransa mtindo wa kupiga bolti kwenye mwamba ulikuwa umeshakomaa, na walipouona ukuta wa chokaa unaoanzia mchangani, kazi ilianza. Alama yao iko mpaka leo: ugumu wa njia za Railay hupimwa kwa vipimo vya Kifaransa, 5, 6a, 6b, 7a na kuendelea, hata kama anayepanda ni Mkorea na anayemshikia kamba ni wa Nairobi. Sehemu nyingine hawakuhitaji hata drili. Mwamba una mashimo ya asili kama ya jibini, na walipitisha kamba fupi ndani yake na kuifunga.

Kitu ambacho huwa kinarukwa ni kile kilichofuata. Vijana wa Krabi, wa kuendesha boti na kupika vibandani, waliangalia wageni msimu mmoja, miwili, kisha wakaomba viatu. Ndani ya miaka michache walikuwa wanapanda vizuri kuliko wengi wa waliowafundisha, na wakaanza kupiga njia zao wenyewe, kuzipa majina, kufungua maduka ya kufundishia. King Climbers ni moja ya hayo ya mwanzo, na kitabu chake cha njia, kilichochapwa tena na tena, kiliandikwa na Mthai, Somporn Suebhait. Kwa hiyo jibu la swali langu linaanza kuwa na sura. Bolti zilipigwa na wageni na wenyeji, mara nyingi kwa pesa ya mfukoni, bila mshahara, bila kampuni.

Tulikuwa wanne: mimi, Odhis, Wambo na Halima, ambaye ni mtoto wa Old Town, Mombasa, na ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa akiulizwa kama kweli yeye ni Mkenya. Tulisafiri na viza zetu na vile vitabu vya manjano vya chanjo ya homa ya manjano, ambavyo Thailand inadai kwa kila anayetoka Kenya. Wazungu tuliopanga nao foleni walikuwa wakituuliza hivyo ni vya nini. Boti ya Ao Nang ni ile ya mkia mrefu: chombo cha mbao, injini ya gari imefungwa nyuma, na mhimili mrefu wa chuma wenye propela kwenye ncha, ambao nahodha huuinua anapopita kwenye maji madogo. Baht 100 kwa kichwa. Nahodha wetu alikuwa mzee mwenye kofia. Sehemu kubwa ya watu wa pwani ya Krabi ni Waislamu, na Halima alipomwamkia kwa salamu, mzee alijibu mpaka mwisho wake, akamhamishia mbele pasipopigwa na maji. Sisi wengine tukalowa.

"Hii ni Lamu," Halima alisema tulipozunguka ule mwamba.

"Lamu hakuna milima," Odhis akamjibu.

"Si mlima. Huyu mzee. Hii harufu."

Kulikuwa na harufu ya dizeli, samaki mkavu na nazi. Sikubishana.

Siku ya pili tulikuwa kwenye ukuta na mwongozaji wa pale, mtu wa makamo aliyepanda tangu ujana wake. Kabla hajaturuhusu kufunga kamba alitembea chini ya njia akitazama juu, bolti kwa bolti. Zile zenye rangi ya kijivu iliyofifia alizipita. Zile zinazong'aa alisimama. Mimi nilidhani ni kinyume chake. Nilidhani kinachong'aa ndicho kipya.

Hapa ndipo historia ya Tonsai inakuwa ya kutisha, na kusema ukweli ndiyo iliyonifanya niandike haya. Bolti za mwanzo zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, kilekile cha sufuria na sinki. Mahali pengi duniani bolti hiyo inakaa miongo. Krabi zilianza kukatika baada ya miaka michache tu. Na hazikuwa zimeoza. Zilikuwa safi, zinang'aa, kisha mtu anaikaza kidogo inavunjika kama biskuti. Nyingine zilivunjwa kwa mkono.

Mmarekani Sam Lightner, mpandaji na mwandishi aliyepiga njia nyingi huko, ni mmoja wa waliong'ang'ana kujua sababu. Jibu la wataalamu wa metali lilikuwa hili: chumvi ya bahari, joto, na madini ambayo maji ya mvua huyayeyusha yanapopita kwenye mwamba, vikikutana kwenye chuma kilichokazwa, huanzisha nyufa ndogo ndani kwa ndani. Nyufa hizo hupenya chuma huku ngozi ya nje ikibaki nzuri. Yaani ule uzuri wa Railay, maji yanayoyeyusha chokaa na kuichonga mikonga ya ndovu, ndio huohuo unaotafuna bolti. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Na macho hayasaidii, kwa sababu bolti mbovu na bolti nzima zinafanana.

Dawa ilikuwa titaniamu, metali ya injini za ndege na ya mifupa ya bandia hospitalini, ambayo chumvi haiiwezi. Kuelekea mwaka 2000 na baadaye, wapandaji walianza kung'oa zile za zamani na kubandika za titaniamu kwa gundi kali, shimo kwa shimo. Jina la mradi huo lilikuwa mchezo wa maneno, Thaitanium. Bei ya bolti moja ya titaniamu ni mara kadhaa ya ile ya chuma cha kawaida, na hazipandwi na drili peke yake: unatoboa, unasafisha vumbi lote, unajaza gundi, unaingiza, unasubiri ikauke, unajaribu. Siku nzima kwa njia moja. Mchango ulitoka kwa wapandaji wenyewe, kwa maduka ya Railay, kwa watu walioweka noti kwenye mtungi kaunta. Hakuna serikali hapo, hakuna hoteli. Watu wanaokuja kulala Tonsai kwa sababu hawana pesa ndio walionunua metali ya injini za ndege ili mgeni wasiyemjua asianguke.

Baadaye shirikisho la kimataifa la upandaji, UIAA, lilibadilisha viwango vyake vya bolti za maeneo ya bahari. Sehemu ya somo lilitoka kwenye kuta hizi.

Mwongozaji wetu alitupatia njia ya 5, rahisi, yenye bolti za kijivu. Wambo alienda kwanza. Alipofika juu alipiga kelele kitu ambacho siwezi kukiandika kwenye gazeti la heshima, akakaa pale akitazama bahari mpaka mguu wangu ukafa ganzi kwa kumshikia kamba.

Lakini si kila kitu kiko kwenye mwamba. Tarehe 26 Desemba 2004, saa mbili kasoro asubuhi kwa saa za Thailand, ardhi ilipasuka chini ya bahari karibu na Sumatra. Saa mbili hivi baadaye maji yalirudi nyuma kwenye fuo za Krabi, yakaondoka mbali, kisha yakarudi kama ukuta. Mojawapo ya picha zilizozunguka dunia nzima wiki ile ilipigwa Railay: wimbi linakuja, watu wanakimbia kuelekea nchi kavu, na mwanamke mmoja anakimbia kuelekea wimbi, kwa sababu watoto wake wako kule. Familia yake yote ilipona. Wengi hawakupona. Thailand ilipoteza watu zaidi ya 5,000, na ndani ya Krabi pigo kubwa lilikuwa Phi Phi. Waliokuwa juu ya miamba walikuwa mahali salama kuliko wote, jambo ambalo ni gumu kulisema bila aibu.

Wimbi hilohilo halikusimama. Liliendelea magharibi kuvuka bahari nzima, na mchana lilifika kwetu. Somalia iliua watu karibu 300. Tanzania angalau 10. Kenya, mtu mmoja, Watamu. Mombasa polisi walikuwa wameshawatoa watu fuoni, kwa sababu saa zile zote za katikati zilitosha habari kutangulia maji. Mama yake Halima alikuwa Nyali siku hiyo na anakumbuka walivyofukuzwa kama kuku, wakinung'unika. Bahari ni moja. Shanga zilipita, wimbi likapita.

Baada ya tsunami Railay ilijengwa upya, na pesa iliyorudi haikuwa ya watu wa mabegi. Railay Magharibi ilizidi kuwa ya mahoteli. Tonsai ikabaki ya vibanda vya mianzi, umeme wa jenereta usiku tu, baa za mbao mchangani, kamba za kutembelea zimefungwa kati ya minazi. Kisha, katikati ya miaka ya 2010, ukuta ukaja. Sehemu kubwa ya eneo hilo imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1983, lakini mle ndani kuna vipande vyenye hati za watu binafsi, na bonde la Tonsai ni mojawapo. Wenye ardhi walitaka kujenga hoteli. Baa na vibanda vya mbele vilivunjwa, ukajengwa ukuta mrefu wa zege kati ya ufuo na bonde, na biashara zote zikasukumwa nyuma, kwenye njia ya matope chini ya msitu. Wauza chapati za ndizi, waosha nguo, walimu wa kupanda, wote wakawa watu wa nyuma ya ukuta.

Tuliupata ukuta umechorwa kutoka mwanzo hadi mwisho: kobe, macho, majina, matusi, mashairi kwa lugha sita. Tuliutembea jioni tukitafuta mahali pa kula.

Yeyote aliyekulia pwani ya Kenya hahitaji ukuta huo kuelezwa. Ile njia uliyokuwa unashukia baharini ukiwa mtoto, leo ina geti na askari anayeuliza unaenda wapi. Halima alianza kuhesabu za kwao, akafika saba akachoka. Kisheria mambo ni sawa huku na kule. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Sheria ya Thailand nayo inauhesabu ufuo kuwa mali ya umma. Kwa hiyo mwenye ukuta haumiliki mchanga. Anachomiliki ni namna ya kuufikia, na sote tunajua hiyo ndiyo yenye bei.

Kinachonishangaza ni mpangilio wa nani alikuja lini. Mwamba ulikuwa bure kwa sababu haulimiki. Wapandaji, wa kwao na wa kuja, wakaupa thamani kwa drili na mtungi wa michango. Thamani ilipoonekana, ardhi iliyolala chini ya mwamba ikapanda bei, na hao waliofanya ipande ndio waliohamishwa kuipisha. Sidhani kama kuna njama. Hati zilikuwepo tangu zamani, zilikuwa zinasubiri tu. Mwongozaji wetu, nilipomuuliza kuhusu ukuta, alisema ameshahamisha duka lake mara tatu na kwamba mwamba haujahama. Halafu akaniuliza kama Kenya kuna miamba. Nikamwambia iko Hell's Gate, iko Lukenya, iko kwenye Mlima Kenya wenyewe. Alitaka kujua ni nani anayepiga bolti.

Usiku wa mwisho maji yalikuwa yametoka. Kati ya Tonsai na Railay Magharibi kuna mawe unayoweza kuyaruka wakati huo tu, kabla bahari haijarudi kuyafunika. Tulivuka tukiwa na tochi za simu, Odhis akilalamikia viatu vyake, makome yakikwaruza nyayo. Kushoto kwetu ukuta wa chokaa ulikuwa umeinama juu yetu, na tochi ilipoupiga ziliwaka nukta ndogondogo zikipanda juu kwa mstari, moja baada ya nyingine, mpaka mwanga ukaisha.

"Hizo zinang'aa," Wambo alisema. "Nzuri ama mbaya?"

Hakuna aliyejua. Maji yalikuwa yameanza kurudi, tukaongeza mwendo.